Mteja Ni Kidole

Niliyoota usiku wa jana yalianza kwa wito. Ujumbe uliingia kwenye simu nikadhani ni wangu, kumbe ulianza kwa maneno "Ndugu Kidole," na kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kikausoma mpaka mwisho bila kunionyesha. Kisha kikajikunja na kujikunjua, kama mtu anayenyoosha shati kabla ya safari.

"Naitwa kwenye ofisi ya kampuni ya simu," kikasema. "Ukitaka, nisindikize."

Nikakiuliza kama hakiwezi kwenda peke yake. Kikajibu kinaweza, ila hakijui kushuka ngazi.

Ninaandika haya yasije yakanipotea, kwa hiyo nieleze kwanza. Jina langu Nakijwa, fundi cherehani mjini Same. Nashona sare za shule. Mama yangu alilima tangawizi kijijini kwetu Kighaye, juu kabisa kwenye milima ya Upare, na alifariki masika iliyopita. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe. Kila asubuhi akiamka alinibipu. Sikutakiwa kupokea. Kupokea kulikuwa ni kukosa adabu, sawa na mtu akikupungia mkono kutoka ng'ambo ya bonde, nawe ukavuka na kumvuta mpaka ndani. Simu ikilia kidogo na kukatika, maana yake Mama ameamka, ni mzima, anakwenda shambani.

Namba yake ingali katika simu yangu. Imeandikwa MAMA. Lakini laini yenyewe haikuwa kwa jina lake. Amri ilipotoka kwamba kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, msajili alipanda Kighaye na mashine yake, akaketi kivulini mwa ghala la tangawizi. Alijaribu vidole vyote vya Mama. Akamwambia anawe kwa limau, akamwambia afute kwa khanga, akamwambia apake mafuta. Mashine ikakataa. Jembe na udongo na tangawizi yenyewe vilikuwa vimelamba mistari yote, vidole vimebaki laini kama kokoto za mtoni. Msajili akamwambia, bibi, wewe huna vidole. Mama akamwuliza, basi hizi ni karoti? Foleni nzima ikacheka. Mwishowe mimi, niliyekuwa nimepanda kumsalimia, nikaweka changu, mashine ikakipokea. Kighaye wengi walifanya hivyo; vikongwe wa kijiji kizima wananing'inia kwenye vidole vya mabinti zao na wakwe zao, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa, laini ikikaa kimya sana hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu tulipozika. Sitaki siku moja simu yangu iandike MAMA, nipokee, niulizwe na mtu nisiyemjua kama nauza mbuzi.

Basi tukatoka, mimi na kidole.

Mlango wa chumba changu cha kushonea unafunguka moja kwa moja ndani ya ofisi. Ofisi ni pana kama uwanja wa mpira, na sakafu yake ni kioo kitupu. Kwenye viti wamekaa vidole. Nyuma ya kila kiti amesimama mtu, ameinama upande, ili kidole chake kikae vizuri. Hakuna anayezungumza na watu. Wahudumu wanapita na trei za maji, wanavikaribisha vidole, wanaviuliza habari za nyumbani.

Ukutani kuna ubao wa taa unaohesabu wateja wa nchi. Nikaelewa kwamba leo ni sherehe: amebaki mteja mmoja tu hesabu itimie. Wateja walikuwa wamekwisha kuwapita watu kwa wingi, na hilo lilitangazwa kwa fahari kubwa.

Kidole changu kikapewa kiti. Nami nikainama.

Aliyetuhudumia nilimjua kwa sauti kabla sijamtazama. Ni yule dada anayesema namba unayopiga haipatikani. Nilikuwa sijawahi kuiwazia sura yake. Ni sura tulivu, safi. Nchi nzima imemsikia, yeye hajawahi kumsikia mtu. Kila alichosema alikisema kwa Kiswahili, akanyamaza kidogo, kisha akakirudia chote kwa Kiingereza, hata alipokuwa anapiga chafya.

Akakiuliza kidole shida yake.

"Mimi sina shida," kidole kikasema. "Mwenye shida ni huyu aliyenisindikiza."

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba namba ile ni ya mama yangu, kwamba mama yangu amekufa, na kwamba ninaomba namba isipewe mtu. Nikamwekea mezani cheti cha kifo. Akakitazama kwa adabu, jinsi mtu anavyotazama picha ya harusi ya watu asiowajua.

"Mfumo haumjui huyu mama," akasema. "Aliyesajiliwa ni kidole, na kidole kipo hapa, kizima, kimekatwa kucha."

"Mama amekufa, dada yangu. Nimemzika mwenyewe."

"Mfumo hauna habari kama aliwahi kuwapo. Asiyekuwapo hafi." Akanyamaza, akalirudia kwa Kiingereza. "Ukitaka mteja asomeke amekufa, lete kidole kikiwa kimekufa."

Kidole changu kikashuka polepole kwenye kiti kikajificha nyuma ya gumba.

Akaendelea kunieleza, bila haraka. Laini imekaa kimya. Laini iliyokaa kimya hupewa mwenye la kusema. Mwenye la kusema amepatikana, naye ndiye atakayetimiza hesabu, mgeni rasmi akimaliza kuhutubia. Akanionyesha kwa kidevu. Katika kiti cha mbele limekaa gumba moja nene, limevaa tai. Halina mtu. Likageuka, likanisalimu shikamoo vizuri tu, likaniuliza kama nyumbani kwetu tunauza mbuzi.

Nikamwuliza yule dada kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo. Mwenye namba aje yeye mwenyewe, aweke kidole, kabla hotuba haijakwisha.

"Nimekwambia amekufa."

"Huko aliko hatukuiti kufa," akasema. "Sisi tunaita nje ya eneo la mtandao. Mlango wa kushoto."

Nikafungua mlango wa kushoto, na hapo hapo ninapanda njia ya Kighaye. Udongo mwekundu, unateleza. Kidole kinalalamika kwamba hakioni mnara, kwamba kinahisi kizunguzungu, kwamba mteja hapelekwi mahali kama hapa. Nikakitia mfukoni.

Njia inapita chini ya Jiwe la Simu. Mnisamehe, hapa nitasema lililo kweli, lisilo la ndotoni. Miaka yote Kighaye yetu ilipata mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe hilo, tena ukisimama upande wa mashariki na mkono umeuinua; ndiko Mama alikopanda kila asubuhi kunibipu. Siku Mama alipobanwa na kifua, mdogo wangu Kadeghe alikimbia mpaka juu ya jiwe kuita gari kutoka bondeni. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima. Alisimama na simu mkononi hewani mpaka mkono ukafa ganzi, gari halikuitika. Wanaume wakamfunga Mama kwenye machela wakaanza kumshusha kwa miguu. Walipofika kwenye miti ya misindano wakageuza, kwa sababu hapakuwa tena na haja ya kushuka.

Kadeghe yupo pale pale. Katika ndoto hajashuka tangu siku ile. Mkono wake uko juu na simu, majani yameota kwenye kiwiko, mjusi anaota jua begani kwake. Suruali yake na jiwe vimekuwa rangi moja.

Nikamwita. Nikamwambia ashuke, siku hizi Kighaye kuna mnara, mtandao unafika hadi zizini.

"Dada, usinisemeshe," akasema bila kugeuza shingo. "Kijiti kimoja cha mtandao kimeingia. Nikitikisika kitatoka."

"Kadeghe, mambo yalikwisha."

"Wewe endelea na safari yako. Mama anangoja gari."

Nikapita.

Mama alikuwa kwenye ndiva, lile bwawa letu la kunyweshea mashamba, anaosha tangawizi. Amekunja khanga mapajani, miguu imo majini, na kikapu kiko kando yake, nusu kimejaa. Hakushangaa kuniona. Akaniambia nimekonda, cherehani inakula watu, na kwamba gauni nililovaa limeshonwa na mtu mwenye haraka. Nililishona mwenyewe. Nikakaa juu ya jiwe nikamweleza habari zote, ofisi, dada wa sauti, gumba lenye tai. Akasikiliza huku anasugua.

"Hao si ndio walisema sina vidole?"

"Ndio hao, Mama."

"Na leo wanakitaka."

"Ukiweka kidole namba inabaki yako."

Akasuuza tangawizi moja, akaitazama, akaitia kikapuni. Akauliza hiyo namba ataifanyia nini. Huku wote wanaitana kwa mdomo na wanasikizana. Hakuna jiwe la kupanda. Mama Nanzighe, jirani yake wa zamani, yuko ng'ambo ya ndiva na kelele zake hazihitaji vocha.

Maji yanapita. Mwisho nikasema, "Ninayeitaka ni mimi."

"Basi sema hivyo, mwanangu. Usiseme ni yangu."

Akafuta mikono. Akaniomba kidole. Nikakitoa mfukoni, kikasalimia, kikaanza kueleza kwamba chenyewe ni mteja wa siku nyingi. Mama akakishika katikati, akakivunja kama anavyovunja tangawizi ya mbegu, pale penye kiungo, kwa sauti ndogo kavu. Hakikutoka damu. Ndani kilikuwa cha njano, chenye nyuzi. Akakivunja na cha kwake vilevile, akakichomeka mkononi mwangu, akakandamiza kwa udongo kidogo, akapiga piga juu kwa kiganja. Changu akajichomeka mwenyewe. Kikasema kinaona baridi. Akakiambia kitazoea.

Hatukutembea kurudi. Shamba ndilo lililokuwa ofisi. Kioo cha sakafu kimelala juu ya matuta ya tangawizi, na chini yake ninaona majani yamebanwa. Katikati umesimama mgeni rasmi, naye ni mnara. Miguu yake minne ya chuma imekanyaga matuta ya Mama, kichwani una taa nyekundu, na unahutubia. Kila taa ikiwaka, watu wanapiga makofi, ikizimika, wanangoja.

Ni mnara wetu wa Kighaye, niliujua mara moja. Ulifika tukiwa tumekwisha anua matanga. Malori yalipanda kwa njia ile ile waliyomshushia Mama, na mafundi wakachomelea vyuma kwa nyimbo, na mwenyekiti wa kijiji akachinja. Tulikula nyama hiyo. Sasa mnara ulikuwa unasema kwamba kabla yake hapakuwa na kitu hapa. Palikuwa na giza na jiwe. Leo bibi yeyote anaweza kuzungumza na ulimwengu akiwa jikoni kwake.

Mama akapita mbele ya umati, anadondosha maji, akaweka kidole juu ya mashine. Mashine ikawaka kijani mara moja, bila limau wala mafuta.

"Karibu, Nakijwa," ikamwambia.

Yule dada akainuka akampa Mama kiti. Akatangaza kwamba mwenye namba amejitokeza, na namba haitolewi. Gumba likavua tai yake, likaikunja. Watu wakageukia ubao wa taa, kwa sababu hesabu ilikuwa bado imepungua mmoja, na mgeni rasmi alikuwa amebakiza sentensi ya mwisho. Pakawa na kunong'onezana. Halafu wakalihesabu gumba hivyo hivyo, bila namba. Ubao ukatimia. Makofi yakapigwa mpaka kioo kikatetemeka.

Hapo nikasogea. Sijui nguvu niliitoa wapi. Mimi mkutanoni huwa nakaa nyuma. Nikauuliza mnara kwa nini ulichelewa.

Taa ikawaka, ikazimika.

"Sikuchelewa," mnara ukasema. "Kwenye ramani nilikuwapo siku zote." Ikashuka kutoka juu ramani kubwa kama turubai, na Kighaye yote imepakwa kijani, mbichi, rangi bado inachuruzika kwenye mabonde. "Tulipaka huku zamani. Mama yako alifia ndani ya eneo lenye mtandao. Kwa upande wetu kumbukumbu ni nzuri."

"Mdogo wangu alisimama juu ya jiwe mpaka jioni."

"Jiwe halimo kwenye ramani," ukasema mnara, kwa upole. Kwa kweli ulikuwa mpole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi.

Nilitaka kulia, lakini katika ofisi ile machozi yangedondoka juu ya kioo na mtu angeteleza. Mama ndiye aliyeinuka kitini. Akautazama mnara kuanzia miguuni, hakufika mbali.

"Umekanyaga mbegu yangu," akauambia. "Sogeza mguu."

Mnara ukatazama chini. Ukainua mguu mmoja, chuma kikalia, ukauweka pembeni. Mama akapiga magoti, akafunua kipande cha kioo kama mtu anayefunua mkeka, akaanza kulifukua tuta. Umati mzima ulimwangalia. Hotuba ilikuwa imeisha na hakuna aliyekumbuka kupiga makofi.

Nikamwinamia nikamwuliza kama nimngoje. Akasema nisimngoje. Namba anayo. Nisimpigie, ana kazi.

Nikaelekea mlangoni. Yule dada alikuwa amekwisha kunitangulia na mashine yake. Kila anayetoka lazima aweke kidole, ijulikane ametoka. Nikaweka. Mashine ikanyamaza. Nikafuta kwa gauni, nikaweka tena. Akanitazama kwa sura yake ile tulivu, na kwa mara ya kwanza nikaona kama anataka kusema jambo ambalo hakufundishwa.

"Hupatikani kwa sasa," akasema.

"Mimi huyu hapa, mbele yako."

"Tafadhali jaribu tena baadaye."

Akanyamaza kidogo, anavuta pumzi alirudie kwa Kiingereza. Sikumngoja. Niliamka.

Kulikuwa kumekucha. Jirani alikuwa anafagia, na lori lilikuwa linangurumisha injini barabarani. Nikajiambia nina sare za watu za kumaliza. Nikawasha jiko la mkaa, nikateleka chai. Nilikuwa nimegeuka nakata uzi kwenye kola nilipoisikia inafurika na mkaa unafoka. Kitambaa kilikuwa mbali. Nikaishika sufuria ukingoni kwa mkono mtupu, nikaipua, nikaiweka chini.

Mama ndivyo alivyoipua sufuria maisha yake yote. Hakuwahi kutafuta kitambaa. Mimi sijawahi kuweza. Nikiwa msichana nilijaribu, akanicheka.

Gumba liliungua. Limetoka lengelenge, na hata sasa ninapoandika linanisumbua kushika kalamu. Lakini cha shahada hakikusikia kitu. Nikakitazama mbele na nyuma. Nikakirudisha kwenye sufuria, ubavuni kabisa, chai ikiwa bado inatokota. Nikakiacha hapo.